Kifaru cha Mwisho Kuingia Melini

Mimi, Luan Guizhen, ndiye ninayepanga magari katika meli yetu, na asiyetaka kupangwa na mimi akaogelee. Hayo nawaambia madereva wa malori ya kabichi, nawaambia madereva wa matufaha, na siku ile niliwaambia wanajeshi vilevile. Walikuja gatini kwetu Yantai na vifaru vyao, kombania nzima, wanafanya zoezi la kuvuka mlango wa bahari hadi upande wa Dalian. Meli yetu ni ya raia, ila sakafu yake ilijengwa nene kusudi, ili jeshi likiihitaji isilie. Sasa sikiliza: kifaru si lori. Lori ukilikosea unapata mkwaruzo. Kifaru ukikikosea kinakupitia, na hata hakijui kwamba kimekupitia.

Miongoni mwa madereva wa vifaru alikuwemo mmoja niliyemjua, na sikufurahi kumwona. Sajenti Nie Genbao, mtu wa Shanxi, bara kabisa huko kwenye makaa ya mawe, ambako mtu anaweza kuzaliwa, akaoa, akazeeka na asione wimbi hata moja. Huyu alikuwa amemposa binti yangu Yingtao. Na Yingtao ni mpishi humuhumu melini. Kwa hiyo siku hiyo sote watatu tulikuwa mahali pamoja, tupende tusipende.

Posa yake niliikataa. Msidhani ni kwa sababu ya ubara wake tu, ingawa ubara wake nao ulinikera. Alikuja kwetu Mwaka Mpya, amebeba siki ya kwao kama zawadi, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nikampikia samaki, nikamjaza chumvi makusudi, chumvi ambayo mimi mwenyewe nisingeimeza.

"Mtamu?" nikamuuliza.

"Mtamu sana, mama."

Nikamwambia kwetu theluji huletwa na upepo wa kusini. Mtoto yeyote wa pwani hii angenicheka. Yeye akasema, "Ndiyo, mama." Hapo nikaona ngoja nimpime hadi mwisho. Nikamwambia baba yake Yingtao ni bubu. Mume wangu alikuwa amekaa mbele yake, anammiminia pombe, na wakati uleule anamwambia, "Kunywa, kijana, usione haya." Nie akamtazama, akanitazama, akasema, "Ndiyo, mama."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilimfuata Yingtao jikoni nikamwambia, "Huyo hana mfupa. Mtu wa ndiyo-ndiyo anafaa kuwa jirani, hafai kuwa mume. Siku nyumba inaungua, ukimwambia ni jua linachomoza, atakubali."

"Mama, ile ni heshima."

"Heshima ya kula chumvi? Aka! Sitaki."

Yingtao alifuta mikono yake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bila ridhaa yangu haolewi na Nie, ila na mwingine pia haolewi, nijue hilo. Mtoto mkaidi, sijui kamrithi nani. Tangu siku ile tulikuwa tunapishana kwenye ngazi za meli kama wapangaji. Na zoezi lile likiisha, kikosi cha Nie kilikuwa kinarudishwa bara, mbali, na posa ingekufa yenyewe. Nilikuwa nangojea tu life. Lakini kila nikimwona mwanangu anakatakata kabichi bila kuimba kama alivyozoea, moyo ulinichoma, siwezi kusema uongo.

Haya, tuje kazini. Meli yetu ina daraja la chuma linaloteremshwa nyuma likalala juu ya gati, sisi tunaliita ulimi. Maji ya bahari yakijaa, ulimi unalala sawasawa kama meza. Maji yakipwa, meli inashuka pamoja nayo, na ulimi unageuka mteremko wa kuingia ndani. Kwa hiyo vitu vizito tunaviingiza mapema. Ulimi ukishainama sana, nahodha anafunga mlango, na aliyebaki amebaki. Hivyo ndivyo ilivyo kwa malori, na nahodha wetu, Kapteni Chu, alishawaambia wanajeshi kwamba kwa vifaru ni hivyohivyo.

Vifaru vilikuja vinang'aa. Lo! Kamanda wa kombania, kijana mmoja aitwaye Xiang, mwenye sauti ya kuamsha maiti, alikuwa amekuja na wapiga picha, kwa kuwa kuna jenerali angeitazama filamu ile. Basi askari walikuwa wamevisugua vifaru, kisha wakaipaka minyororo yake ya kutembelea mafuta, kila kipande, mpaka ikawa nyeusi inametameta. Wanajeshi ndivyo walivyo: mkubwa akija kutazama, hata jiwe litang'arishwa. Mimi mwenyewe nilisifu. Nilisema, "Hawa wanaenda vitani au harusini?" Askari wakacheka, kazi ikaanza.

Nilisimama ndani ya meli, chini ya ulimi, na bendera zangu mbili ndogo mikononi. Bendera ya kushoto, anakwenda kushoto. Zote juu, anasimama. Kifaru kimoja baada ya kingine vikaingia, sakafu inatetemeka hadi kwenye meno, na mimi navipanga bega kwa bega kwa namna ambayo mtu angepita kati yake kwa ubavu tu. Kazi nzuri, niiseme mwenyewe maana hakuna mwingine atakayeisema. Cha pili kutoka mwisho, kilipofika katikati ya ulimi, kilitikisa makalio. Kidogo tu.

"Wee!" nikamfokea dereva wake. "Unacheza ngoma gani hapo?"

Nilidhani ni mkono wake mbaya. Akanyoosha, akaingia.

Kikabaki cha mwisho, cha Nie. Maji yalikuwa yameshapungua, ulimi umeinama, na redio yangu ikakoroma kwa sauti ya Kapteni Chu: "Guizhen, maji yanatukimbia. Mwingize huyo tuondoke." Nikampungia bendera. Kichwa chake kilikuwa kimetokeza kwenye tundu la dereva, kofia ngumu, macho kwangu. Kifaru kikatambaa, kikaweka pua juu ya ulimi, kikainama. Kisha kikasimama. Kikarudi nyuma taratibu mpaka kwenye saruji ya gati. Injini ikazimwa.

Kimya kile kilinishtua kuliko kelele. Kila mtu gatini akageuka.

"Nie!" Kamanda Xiang alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Ingia!"

"Hapana, kamanda."

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Minyororo haishiki chuma."

"Wenzako wote wameingia! Wewe ni nani?"

"Wenzangu waliingia ulimi ukiwa umelala, kamanda, na kila mmoja ameacha mafuta yake hapa. Mimi napewa mteremko na mafuta ya wote."

Nikaona wapiga picha wameshusha kamera, hawajui kama hili ni la kupigwa au la kufichwa. Nyuma yao malori ya mboga yalikuwa yamepangwa yakingoja jeshi limalize, na madereva wake walikuwa wamepanda juu ya vichwa vya magari kutazama. Damu ilinipanda. Huyu! Huyu wa ndiyo mama! Kwenye meli yangu, mbele ya nahodha wangu, ndipo anapata ulimi wa kukataa?

"Sajenti!" nikapiga kelele. "Mwenye bendera hapa ni mimi! Nimekuita, njoo!"

"Hapana, mama. Ondoka hapo chini kwanza."

"Unaniamrisha mimi? Kwenye sitaha yangu?"

"Nakuomba, mama. Lakini siji."

"Nie Genbao," akasema Kamanda Xiang, na sasa hakuhitaji kipaza sauti, "hii ni amri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Amri nimeisikia, kamanda. Nikikosea nifungeni. Nikitii, mama yule ndiye atakayefungwa, ndani ya sanda."

Basi mimi nikaupanda ule ulimi kwa hasira, nimekaza bendera mkononi, nia yangu nimpige nazo kichwani kwenye ile kofia yake. Nimevaa viatu vya baharini, nyayo za mpira nene, viatu ambavyo nimetembea navyo juu ya barafu ya mwezi wa kwanza. Sikufika nusu. Miguu ilinitoka yote miwili kwa pamoja, nikakaa kitako, pu! na nikateleza nimekaa, bendera juu, mpaka pale pale nilipokuwa nimesimama mwanzo.

Madereva wa mboga walivunjika mbavu. "Mama Luan, bendera zote juu ni kusimama!" mmoja akapaza sauti. Hata baharia wangu mmoja aliugeukia ukuta akatetemeka mabega.

Mimi nilikuwa naitazama mikono yangu. Myeusi, inang'aa. Nikageuza shingo. Nyuma yangu, karibu ya kunigusa, ilikuwa pua ya kifaru kilichotangulia. Mbele yangu ulimi, na juu kule gatini tani arobaini na zaidi zinaningojea. Nilikuwa nimesimama kwenye mwanya ule nikiita, njoo, njoo, kama mtu anayeita kuku. Niliogopa, tena niliogopa kwa kuchelewa, na woga wa namna hiyo ndio mbaya zaidi.

"Umeumia, mama?" Nie aliuliza kutoka juu.

"Nyamaza!" nikamjibu. Kisha nikainuka, nikamwonyesha Xiang viganja vyangu. "Kamanda, tazama manukato uliyotuletea."

Nitampa haki yake kijana yule. Alibadilika rangi, akashuka mwenyewe, akagusa chuma kwa kidole, akakinusa. Angeweza kuanza kutafuta wa kumlaumu. Yeye alimrushia msaidizi wake kipaza sauti, akavua koti. "Sabuni!" akasema. "Matambara! Kila mtu! Nie, wewe safisha minyororo yako, anza na mipira yake inayokanyaga chini!"

Redio ikakoroma tena. Kapteni Chu akauliza kama nimelala. Nikamwambia anipe muda wa kunywa chai. Akasema nitainywa chai yangu tukiwa tumeondoka, na kama kifaru hakijaingia, kitabaki kitazame meli ikienda. Nikajua hatanii. Na nikajua kifaru kile kikibaki, Nie anabaki nacho na kesi ya kukataa amri, na hakuna atakayekumbuka kwamba alikuwa na haki.

Sabuni pekee isingetosha, kwa kuwa chuma kilicholowa nacho kinateleza. Nikawatazama wale madereva wa mboga juu ya malori yao. Kabichi na matango ya wakati wa baridi hufunikwa kwa mikeka minene ya mabua, ileile ya kufunikia mabanda ya kuoteshea mboga, mizito kama godoro. Nikamwendea Sang, mzee wao, ambaye mimi na yeye tumegombana kwenye gati hili tangu nywele zetu zikiwa nyeusi.

"Mzee Sang, nipe mikeka yako."

"Ala! Na kabichi zangu zivae nini? Zitapata mafua."

"Utaingia wa kwanza baada yetu, meli ya mchana, mbele ya wote."

"Na hao wenzangu?"

"Wote wataingia wa kwanza."

"Wote watakuwaje wa kwanza, wewe mwanamke?"

"Mimi ndiye ninayepanga! Fungua kamba!"

Alikuwa ameshaanza kufungua, mzee yule, anang'aka tu ili asionekane mwepesi. Wenzake wakaruka chini, mikeka ikapitishwa mkono kwa mkono, raia na askari mchanganyiko, matani na matusi ya mapenzi, na ulimi wote ukavishwa mabua kutoka juu mpaka chini. Nie alikuwa amelala chini ya kifaru chake anasugua mipira ya minyororo, amechafuka mpaka masikioni, ile sare iliyonikera sasa huwezi kuijua rangi.

Akapanda. Akawasha. Nikachukua bendera zangu nikaelekea mahali pangu pa zamani.

Mkono wake ukatoka kwenye tundu, ukanionyesha nguzo ya pembeni. Nikasimama nyuma ya nguzo.

Kifaru kikaweka pua juu ya mikeka. Mabua yakalia, yakasagika, vipande vikaruka hewani. Nie hakuharakisha. Alikuwa anakiachia kidogo, anakishika, anakiachia, anakishika. Ubavu wa nyuma ukataka kukwepa, nikauona, mkono wangu ukapanda na bendera kabla sijafikiri, na kifaru kikanyooka palepale, kana kwamba mkono wangu ndio ulioshika usukani. Kikafika sakafuni. Kikaingia kwenye nafasi yake kama kabati linavyoingia kwenye kona. Mzee Sang alipiga mluzi gatini, na madereva wote wakashangilia, na mimi nilishangilia, basi tu.

Ulimi ukapandishwa, tukaondoka.

Ikabaki kufunga. Askari walikuwa wameshavifunga vifaru mbele na nyuma, na kabari za mbao chini ya minyororo, safi kabisa, kama walivyofundishwa kufunga kwenye treni. Watu hawa maisha yao yote wamesafirisha vifaru kwa reli.

"Hii ni treni?" nikawauliza. "Treni inasukuma mbele na nyuma. Bahari inakulaza ubavu. Fungueni! Nataka minyororo ya kufungia ipite msalaba, kulia na kushoto, na mkivute kifaru chini mpaka kiache kurukaruka kwenye springi zake. Kikiruka, mnyororo unalegea. Ukilegea, kinaamka. Kikiamka kimoja, vinaamka vyote."

Wakafungua. Nilikwenda kwenye kifaru cha Nie nikamwonyesha pete ya ubavuni. "Funga hapa."

"Hapana, mama. Hiyo ni ya kufungia turubai, itang'oka. Tufunge kwenye ndoana ya kuvutia."

Nikamtazama. "Umeshazoea sasa, eh?"

Akaona haya, masikio yakawa mekundu chini ya ule uchafu, lakini mnyororo aliupeleka kwenye ndoana. Nilipoupiga teke kuujaribu haukutikisika hata kidogo.

Katikati ya mlango wa bahari kulikuwa na mawimbi ya upepo wa kaskazini, meli ikaanza kuyumba, na watoto wa bara wakaanza kushika vichwa. Nilishuka kukagua. Nie alikuwa ameshafika kabla yangu, uso wa kijani, anapita kwa ubavu kati ya kifaru na kifaru, anagusa kila mnyororo na kuukaza uliolegea. Tulikaza pamoja mpaka mwisho wa safu. Alitapika mara moja kwenye ndoo, akafuta mdomo, akaendelea. Hakuna kilichoamka.

"Kwa nini siku ile ulisema samaki ni mtamu?" nikamuuliza.

"Mama, chakula kibaya hakimuui mtu. Ningekukatalia, ungekasirika, na Yingtao angelia. Nikaona nimeze."

"Na leo?"

"Leo ungekufa."

Alisema hivyohivyo, kama mtu anayetaja bei ya mboga. Nikageuka nikapanda ngazi upesi, kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha na sikutaka aone.

Jikoni Yingtao alikuwa anachemsha jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama na kabichi ndani. Kwa askari, ndiyo desturi. Pwani yetu anayeondoka hula jiaozi, na anayefika nyumbani hula tambi. Hakuna mama atakayekosea hilo, hata akiwa amelewa.

"Chemsha tambi," nikamwambia. "Bakuli moja. Tia kome wengi."

"Za Kapteni?"

"Za Nie."

Mwiko ulibaki hewani. Maji yakafurika sufuriani, yakamwagika kwenye moto, na yeye hakuyaona. "Mama. Unajua unachosema?"

"Mimi nimezaliwa pwani hii. Wewe ndiye utakayenifundisha? Tazama moto wako!"

Akanikumbatia na unga wake wote, akanichafua hadi shingoni, na nikamwacha.

Nililipeleka bakuli lile mwenyewe. Askari walikuwa wamekaa chini katika ukumbi wa abiria, kila mmoja na sahani yake ya jiaozi, hata Kamanda Xiang. Nikaliweka mbele ya Nie. Akatazama bakuli, akatazama sahani za wenzake, na uso ukamsawijika.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Kula."

"Hapana, mama," akasema, kwa upole, lakini amekaza shingo. "Kama ni adhabu, nitaipokea kwa kamanda wangu. Chakula nataka kama cha wenzangu. Nipe jiaozi."

Askari wa kwetu Shandong waliokuwa wanaijua desturi walikuwa wamefunika midomo kwa viganja. Yingtao, aliyekuwa amenifuata mpaka mlangoni, akaja mbio, akamfinya bega kwa vidole vyenye unga.

"Sema ndiyo, wewe mjinga!" akasema. "Jiaozi ni za wanaoondoka. Tambi ni za mtu aliyefika kwao."

Nie alinitazama mimi. Nadhani alikuwa anangojea nikanushe. Sikukanusha.

"Ndiyo, mama," akasema.

Akainama akala, machozi yanamdondokea bakulini mbele ya kombania nzima, na alipomaliza nikamwongezea.